Udongo wa Msamaha

Mama yangu alihamia kwangu, mtaa wa Himbi, asubuhi moja ya kiangazi, akiwa na kikapu kimoja kichwani na uso ninaoujua tangu utoto, uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Nilikuwa nikifagia mbele ya nyumba. Alitua kikapu chini, akaniangalia, akauliza atalala wapi.

"Na Papa iko wapi?" nikamwuliza.

"Iko kwake na udongo yake. Balale pamoja."

Mimi ni Charline, kifungua mimba wa Thérèse Kaswera na Adalbert Kambale, na mvi zangu sasa zinashindana na za mama. Nilidhani katika umri huu nimekwisha kuona kila aina ya ugomvi wa wale wazee wawili. Kumbe bado. Watu waliolala kitanda kimoja tangu kabla sijazaliwa, waliokimbia pamoja siku mlima ulipowaka na kurudi pamoja kujenga juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto, sasa mmoja anaomba godoro kwa binti yake! Kwanza nilicheka. Halafu nikaona jinsi alivyokuwa akifungua kikapu, taratibu, akizipanga nguo zake rafuni mwangu kama mtu anayekuja kukaa, na kicheko kikanikauka. Nilimwogopea baba, nikamwogopea na yeye.

Ili mnielewe, lazima niwasimulie kwanza habari za udongo.

Mji wetu wa Goma umekaa juu ya mwamba. Mlima unatapika, mawe yanapoa, sisi tunajenga juu yake, basi. Ukitaka kupanda hata kitunguu kimoja, shurti udongo uulete kutoka nje, kutoka upande wa Sake au juu zaidi huko Masisi, ukija kwenye mifuko juu ya chukudu, zile baiskeli zetu za mbao ambazo mtu huzisukuma kwa mguu na kubeba juu yake karibu nyumba nzima. Kwa hiyo kwetu udongo si kitu cha kukanyaga tu. Ni zawadi, tena zawadi nzito.

Na baba yangu ni mchonga mawe. Mnande wa Butembo, mfupi, mikono mipana, mtu wa kazi tangu kuche hadi kuchwe. Ukuta alioujenga yeye huhitaji kuuliza nani kaujenga. Lakini neno la kuomba msamaha limemshinda maisha yake yote, kama vile wengine wanavyoshindwa kupiga mluzi. Midomo inajiweka tayari, hakuna kinachotoka. Badala yake, akimkosea mama, anaagiza udongo.

Alipomwita mama mwanamke wa kelele mbele ya shemeji zake, uliletwa udongo. Aliposahau ubatizo wa mdogo wangu Rosine kwa sababu alikuwa akibishana na watu juu ya mpira, uliletwa udongo mwingi. Chukudu ikisimama mlangoni na mifuko, sisi watoto tulikuwa tukiulizana kwa macho: leo amefanya nini tena? Mama alikuwa akitoka, anachota udongo kidogo, anausugua kwa vidole, ananusa. Ukiwa mzuri, mweusi, wenye minyoo, alisema, "Weka kule," na usiku huo baba alikula chakula cha moto. Hivyo ndivyo bustani ya mama ilivyozaliwa juu ya mwamba. Tumekula mboga za sombe na lengalenga zilizoota juu ya makosa ya baba, na nawaambieni, tulishiba.

Kona moja tu ya kiwanja haikupata udongo hata siku moja. Ile ilikuwa ya mama, na baba hakuwahi kuuliza sababu.

Katika kona ile palikuwa na lundo la mawe ya volkano, yamerundikana ovyo, na kokoto zimejaa katikati. Wageni walidhani ni masalia ya ujenzi. Humo ndimo lilimokaa ua la mawe.

Wahunde wa upande wa Lac Vert wana jina lao kwa ua hilo, ambalo baba hajawahi kulitamka sawasawa, kwa hiyo nyumbani tulisema ua la mawe na yakaisha. Asili yake ni kilima kimoja ng'ambo ya Lac Vert, juu ya barabara ya Sake, kwenye msitu mkavu wa miti mifupi iliyojikunja, miti inayoishi kwa mawe na ukungu. Hata katika kilima hicho halimei kila mahali. Linamea upande mmoja tu, unaotazama jua linapochomoza, katika nafasi za mawe kati ya mti na mti. Ukizunguka upande wa pili, hakuna. Kilima kinachofuata, hakuna. Mama alikuwa mchuuzi wa samaki wa chumvi, amepita njia zote za mkoa huu: Vitshumbi, Rutshuru, Beni, Butembo. Kila alikokwenda alikuwa akitazama chini na kulitafuta. Hakuliona hata mara moja, na kila safari alirudi akisema hivyo kwa sauti ya fahari, kana kwamba kilima kile alikizaa yeye.

Lenyewe ni dogo. Shina halifiki kiwiko, majani manene yenye rangi ya vumbi. Ua ni zambarau, zambarau ya mshipi wa askofu, na koo jeupe. Linafunguka jua likiligonga na linafunga mara kivuli kikipita, hata kivuli cha wingu. Kiangazi kikija, sehemu yote ya juu inakufa, na kinachobaki ni vijiti vyeusi kama vya kiberiti kilichokwisha kuwashwa. Ukivitazama utasema hapa pameungua. Ila chini ya mawe mzizi wake mnene umelala, unangoja mvua.

Na kwa nini mama alilipenda hivyo? Kwa sababu ya baba. Wakati ule alikuwa msichana anayewapikia uji wachonga mawe wa Lac Vert, na baba alikuwa mmoja wao, kijana asiyejua kusema. Wiki baada ya wiki alikunywa uji bila kutamka neno. Siku moja mama alipokuwa akijitwika sufuria, baba alikuja, akachomeka ua lile kwenye ngata yake, akaondoka haraka kama mwizi. Mama alitembea nalo kichwani hadi kwao bila kujua. Mama yake ndiye aliyeliona, akamwuliza, "Huyu mutu ni nani?" Ndivyo nyumba yetu ilivyoanza.

Baada ya mlima kuwaka na wao kujenga upya, mama alikuwa akirudi kilimani kila alipopita njia ya Sake, anachukua kokoto na mizizi michache ndani ya kitambaa na kuizika katika lundo la kona. Mwaka wa kwanza bure. Uliofuata bure. Baba alimcheka sana. Kisha mwaka mmoja, mvua za kwanza ziliponyesha, likatoka moja. Mama aliniita kwa simu nije kuliona, na nilipofika nilimkuta amevaa kitenge chake cha Pasaka.

Halafu zikaja zile taabu mnazozijua. Watu waliokimbia vita walifika kwa maelfu, wakajenga vibanda vya turubai pande zile za Lac Vert, na mtu aliyekimbia naye lazima apike. Miti ya kilima ikaisha. Baada ya miti wakachimba visiki, baada ya visiki wakachimba mizizi, na mawe yakabaki yamepinduliwa. Mama hakuwalaumu. Alisema yeye mwenyewe angekata, tena angekuwa wa kwanza. Lakini tangu siku hiyo alianza kulinda lundo lake la kona kwa ukali, hata kuku akilisogelea alirushiwa kiatu. Kwa jinsi tulivyojua sisi, ua la mawe halikuwa tena na kwao kwingine.

Sasa sikieni alichofanya baba.

Mwezi wa saba mama alikwenda Butembo kumwoza binti wa ndugu yake, akakaa huko majuma kadhaa. Baba akabaki peke yake. Mtu akibaki peke yake anamkumbuka mwenzake, na baba akimkumbuka mama hawezi kuituliza mikono yake. Kulikuwa na pengo katika ukuta wa upande wa barabara, mbuzi wa jirani walipitia hapo kula mboga za mama, na mama alikuwa akilalamika mwaka hata mwaka. Baba akaamua kuliziba. Alihitaji mawe. Akaangalia huku na huku, akaona lundo kwenye kona, na vijiti vyeusi vimesimama juu yake, vimekauka. Mara zote huwa mama yupo kumwambia usiguse. Safari hii hakuwepo. Na baba yangu, Mungu amhurumie, miaka yote hiyo alikuwa amelitazama ua likiwa limechanua tu. Akikuta vijiti, alipita.

Alidhani limekufa. Alidhani mama akirudi atalia. Kwa hiyo, ili asilie, alibomoa lundo lote, akajenga ukuta kwa mawe yake, akaziba mianya kwa kokoto zake bila simenti kama walivyomfundisha zamani, na pale konani akamwaga udongo wa Masisi, mweusi, wenye minyoo, mzuri kuliko wote aliowahi kuuleta. Akapanda waridi jekundu katikati. Alipomaliza alifagia, akaoga, akamsubiri mke wake.

Mama alifika, akatazama kona. Hakupiga kelele, na hapo ndipo baba alipoogopa. Aliingia ndani, akatoka na kikapu.

Hivyo ndivyo alivyokuja kwangu. Na kesho yake tu, saa za chai, nikasikia chukudu inasimama mlangoni. Nikachungulia. Mwenye chukudu ni Twizeyimana, mwanaume mwenye ndevu ambaye amembebea baba mizigo miaka mingi, na juu ya chukudu mifuko ya udongo imepangwa hadi kumfika kidevuni.

"Ni ya Mama Kaswera," alisema. "Muzee ananituma."

Niliduwaa. Udongo ndio uliofanya kosa, na mtu huyu anatuma udongo! Nilitaka kumrudisha, lakini kutoka kwa baba hadi Himbi si karibu na jasho lilikuwa likimtiririka Twizeyimana. Nikasema ateremshe nyuma ya nyumba. Mama hakutoka hata kuunusa.

Siku chache baadaye ikaja mingine. Kisha mingine tena. Mume wangu Élisée, mtu mpole, alianza kupita upande upande kufika chooni. "Charline," aliniambia, "papa yako atatuzika." Twizeyimana naye alikuwa akiona aibu kubisha hodi, akawa anasimama tu barabarani na kukohoa.

Msidhani mama alikuwa ametulia. Mchana alikaa uani ameupa ule udongo mgongo, anachambua maharage ambayo nimekwisha kuyachambua. Jioni alianza maswali yake. Pale kwa baba wana paka mmoja mzee.

"Ile pusi, nani anaipikia?"

"Sijue, Mama."

"Iko na meno mbaya. Haiwezi kula bintu bya nguvu. Na baridi ya usiku, inalala wapi?"

Nilimjibu kwamba pusi anajitahidi, lakini amekonda. Kesho yake nilimkuta amepika ndizi laini, akaniambia niende nimpelekee paka. Nilizifunga vizuri kwenye bakuli nikaenda. Nilikuwa na hasira ya kumwambia baba yangu mambo ambayo binti hamwambii baba yake.

Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu vimejaa vumbi jeupe, suruali imechanika gotini. Alikuwa amekonda kweli. Hasira ikanipungukia nusu.

"Papa, acha kutuma udongo," nilimwambia. "Mama hataki udongo."

"Najua."

"Sasa uko natuma ya nini?"

Alitazama mikono yake. "Nitume nini ingine, Charline? Mi najua udongo tu."

Nilimpa ndizi. Alizila zote akiwa ameinamisha kichwa, kisha akauliza kama ni mimi niliyepika. Nikamwambia Mama amepikia paka. Alicheka kidogo, akajipangusa macho kwa kiganja akisingizia moshi, na moshi haukuwepo. Ndipo akaniambia alikotoka. Alikuwa amekwenda kilimani, mzee yule na mgongo wake, akapanda upande ule wa jua kwa magoti na mikono. Alikuta mashimo ya visiki na mawe yaliyopinduliwa. Alikaa huko kutwa, akifunua jiwe moja moja. Hakupata kitu.

"Ua sina," alisema. "Lakini mawe yake niko nayo. Yote. Najua kila moja ilikuwa wapi. Nitavunja ukuta, nitamurudishia lundo yake vile ilikuwa."

"Mama halilii mawe, Papa. Analilia ua."

"Ninasikia. Ua sina. Mawe niko nayo."

Nilimkataza. Nilimwambia mgongo wake utakatika, nikamwambia mbuzi wataingia tena, nikamtisha na daktari. Aliinamisha kichwa, nami nikadhani amekubali. Kumbe hakukubali; homa tu ilimlaza karibu mwezi, ndiyo maana hakuanza. Mifuko ya udongo iliacha kuja. Mama aliuliza mara moja kwa nini Twizeyimana hakohoi tena barabarani, nikamficha habari ya homa, nikasema sijui, naye akasahau maharage yake juani hadi jioni.

Mvua zikaanza. Mwaka huo zilianza kwa fujo, mchana mvua, asubuhi jua kali. Mama alikuwa akisimama mlangoni kuitazama mvua, na nilijua anawaza nini: saa hizi lingekuwa linatoka. Siku moja alisema wazi, bila mimi kumwuliza, "Charline, mi sikumukasirikia juu ya ua tu. Nilimukasirikia sababu nilifikiri anaijua. Ni yeye aliniwekea ile ua pa kichwa." Nilimshika bega.

Kisha ikaja asubuhi ya Mama Nyiramahirwe. Huyu ni jirani wa wazazi wangu, nyumba yake inatazama ukuta wetu, na huniletea maziwa na jibini la Masisi hapa Himbi. Ni mwanamke wa habari. Maziwa yake huwa hayajamiminwa lakini wewe umekwisha kujua nani kafiwa na nani kaposa. Mama alikuwa jikoni, mimi mlangoni na chombo.

"Papa yako amepona," alianza. "Tangu saa kumi na mbili anavunja ukuta."

"Anavunja?"

"Anavunja tu! Jiwe na jiwe, anapeleka ndani. Nimemwambia, muzee, tunasikitika, huo ukuta ulikuwa umeanza kuwa muzuri. Hakunisikia. Ulikuwa umeanza kutoa maua huku upande wetu, maua ya rangi ya askofu. Yanafunguka asubuhi, mi nakunywa chai nikiyaangalia..."

Kitu kilianguka jikoni. Mama alitokea na mikono yenye unga.

"Upande gani wa ukuta?" aliuliza.

"Wa barabara, mama. Huku kwetu. Nyinyi ndani hamuwezi kuyaona."

Nilimwelewa mama kabla hajasema neno. Zile kokoto ambazo baba alizibia mianya. Mizizi ilikuwa imelala ndani yake, baba ameijenga ukutani kwa mikono yake mwenyewe, ikaamshwa na mvua ikatafuta jua. Na sasa baba alikuwa anabomoa tangu alfajiri, kutoka ndani, bila kuona kilicho nje, ili amfurahishe mke wake. Kwa mara ya pili!

Simu ya baba nilipiga, ikalia humo humo ndani ya nyumba yake, nadhani, maana mtu huyo hubeba nyundo na si simu. Mama alikuwa amekwisha kutoka barabarani. Muelewe kwamba mama yangu hajapata kupanda pikipiki. Alishaapa mbele ya padri kwamba atazikwa bila kuipanda. Siku hiyo alisimamisha ya kwanza iliyopita, akakunja kitenge, akapanda nyuma, na nilipopata ya kwangu nilimwona mbele amemkumbatia dereva kiunoni na kumpiga begani kwamba akimbie. Mimi nilikuwa nyuma nikilia na kusali, na katikati ya sala nikacheka. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mgongo wa baba uwe umemuuma kidogo, apumzike.

Tulipofika, sehemu kubwa ya ukuta ilikuwa chini. Ndani, kwenye kona, waridi lilikuwa limeng'olewa, udongo wote umechotwa na kuondolewa mpaka mwamba ukaonekana, na lundo la mawe limeanza kupanda, jiwe juu ya jiwe, ovyo kwa namna ile ile ya zamani. Barabarani kilibaki kipande kimoja cha ukuta kimesimama peke yake, urefu wa kifua cha mtu. Mbele yake baba alikuwa ameketi chini kabisa, mavumbini, miguu ameinyoosha kama mtoto, nyundo imelala mbali. Mikono yake alikuwa ameiweka chini ya makwapa.

"Kambale," mama aliita. Akiwa na amani humwita Papa Charline.

"Siko nagusa," baba alisema haraka bila kugeuka. "Kaswera, siko nagusa kitu."

Mama alisogea. Katikati ya mawe mawili, kwenye ufa uliojaa kokoto, yalikuwa yametoka majani yale manene ya vumbi, na mashina matatu, na juu ya mashina maua, yamefunga.

"Nilitoka inje kuchukua jiwe yenye ilianguka," baba alisema. "Nikaikuta. Ilikuwa imefunguka, Kaswera, naapa, ilikuwa imefunguka yote. Nikakaa niiangalie. Halafu ikafunga. Sijue nimeifanya nini. Sikuigusa. Niliiangalia tu, na ikafunga."

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama na unga mikononi, pumzi zinampanda, na midomo inamcheza. Sikujua kama atalia au atapiga mtu.

"Toka hapo," alimwambia. "Uko naiwekea kivuli."

Baba alijivuta pembeni kwa makalio, hakuthubutu hata kusimama. Jua lilikuwa nyuma yake. Likaufikia ukuta, likaangukia mawe, likaangukia majani. Mama aliketi chini mavumbini karibu naye, na kitenge kizuri, mbele ya mtaa mzima. Wapita njia walianza kusimama, na Mama Nyiramahirwe aliyetufuata mbio, nami nikawafukuza kwa macho. Tulingoja. Kwanza moja lililegea, kisha lingine, na zambarau ile ikatoka polepole, na koo jeupe ndani yake.

Nilimwona baba akijiweka sawa midomo yake, kama nilivyomwona mara nyingi tangu nilipokuwa mdogo, na nikajua anatafuta kwa macho chukudu ya udongo, na safari hii hakuna chukudu.

"Unisamehe," alisema.

Mama aligeuka akamtazama kana kwamba amesikia mtu mwingine.

"Sema tena. Nyiramahirwe hakusikia."

"Unisamehe, Kaswera. Nilizania imekufa. Nilizania utalia."

"Nililia," mama alisema. "Nililia kwa Charline, kila siku, na wewe hukuwa pale." Akachukua kona ya kitenge chake, akampangusa vumbi usoni, bila upole wowote, kama anavyowapangusa wajukuu. Nilikuwa nimesimama pale na umri wangu huu nalia barabarani waziwazi, na sikujali nani ananiona.

Baba aliutazama ukuta uliobomoka, pengo kubwa kuliko lile la mwanzo mara nyingi. Akarudi kuwa fundi.

"Sitaweza kujenga karibu yake. Nikigonga, mizizi itatikisika. Na tukiiacha wazi hivi, mbuzi zitaingia. Zitaila."

"Utakaa hapa, utazifukuza."

"Peke yangu?"

Mama alikuwa akilitazama ua, na mkono wake ulikuwa bado umeshika kona ya kitenge juu ya bega la baba. Kisha akaniita bila kugeuza kichwa.

"Charline, ile udongo bakia nayo, panda sombe. Kikapu yangu ndiyo uniletee. Leo."